Ua Nililolizua Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Muuza maziwa ameniita "Mwandishi" leo kabla sijamaliza kufungua mlango. Safi sana. Kabla ya safu yangu nilikuwa "yule bwana wa nyumba ya kona". Sasa ni mwaka wa tatu naandika "Mmea wa Mwezi" katika gazeti la mji wetu, ukurasa wa saba, chini ya matangazo ya vitu vilivyopotea. Na shule yangu iliishia darasa la tano. La sita nililisikiliza dirishani, ila masikio yangu ni mapana, nikapata karibu lote.

Saa nne nikaitwa na Shemeji. Ni kaka wa mke wangu, na ndiye mhariri. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ngazi zote zinanuka gundi. Feni imepoteza bawa moja, inazunguka ikichechemea. Mezani, barua sita. Zote za kunihusu mimi. Nikavuta kiti kwa maringo.

Kumbe ni ule mmea wa mwezi uliopita. Niliandika kwamba kwangu kuna kichaka kinachotoa ua la ajabu: asubuhi jeupe kama maziwa, adhuhuri pinki, jioni jekundu kama kaa la moto. Ua lile lile, siku ile ile. Nikalipa jina la Malkia Kinyonga.

Nikiri hapa, maana shajara hii naifunga kwa kamba na fundo langu halifunguliki na mtu mwingine: ua hilo halipo. Siku ile nilibakiwa na saa moja na karatasi tupu. Nikatazama nje, mke wangu kaanika mashuka matatu. Jeupe, la pinki, jekundu. Mengine nikayaachia mkono.

Sasa bwana shamba mmoja mstaafu ameandika kuwa huu ni uongo wa mchana kweupe. Wengine wanne wanaomba vijiti vya kupanda. Na Shemeji anasema gazeti linatimiza miaka kumi, utachaguliwa Mmea wa Mwaka, na yeye ameshauchagua. Malkia Kinyonga, ukurasa wa mbele. Picha tatu za ua moja: asubuhi, adhuhuri, jioni. Jumamosi hii, bustanini kwangu.

Nikamwambia Malkia ana haya, hapendi wageni. Akasema basi nisipomwonyesha ua, safu anampa Mkunga.

Mkunga! Jirani yangu wa ng'ambo ya uzio, mkunga mstaafu. Safu thelathini na mbili nimeandika, na kila moja amejibu kwa barua ya kunisahihisha. Niliposema nyanya zikiimbiwa huiva upesi, aliandika kuwa amenisikia nikiimba miaka mitatu na nyanya bado hajaziona.

Nimerudi na zile barua sita. Tano nimezisoma. Ya sita ina mwandiko wa Mkunga, herufi zimesimama wima kama wagonjwa kwenye foleni. Barua zake Shemeji hunipa bila kuzifungua, nami hii sikuifungua. Nimeitupia kwenye droo, chini ya mbegu. Najua yaliyomo.

Mke wangu hukata kila safu na kuiweka chini ya kioo cha meza ya sebuleni. Nimetazama leo. Imebaki nafasi ya safu moja tu pale pembeni. Nafasi ile siwezi kumwachia Mkunga.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Akili yangu hufanya kazi vizuri nikiwa nimelala. Nimeamka na jibu: bitiruti.

Mmea hunywa maji. Ukiunywesha maji mekundu, utatoa wapi weupe? Ninao mwaridi mmoja mweupe ndani ya kopo la mafuta, ndilo ua pekee lililo hai bustanini. Nimeponda bitiruti nne za mke wangu, nikachuja kwa soksi safi, nikaumwagia maji yake yote.

Saa tano: mweupe. Saa saba: mweupe. Saa tisa walifika sisimizi, ukoo mzima, na mizigo yao. Saa kumi mke wangu akatafuta bitiruti za chakula cha jioni.

Akauliza kama sasa maua nayo yanakaa mezani pamoja nasi. Nikamweleza kuwa ni sayansi. Akasema sayansi hiyo imeacha soksi ya kaka yake na doa, maana soksi haikuwa yangu.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Jana nilikosea kwa kutumia sayansi. Leo nimetumia ufundi.

Nimepata kwa muuza miche mawaridi matatu yaliyokatwa: jeupe, pinki na jekundu. Mpango: nayabana kwenye tawi moja, kila moja kwa saa yake, kwa pini za nywele za mke wangu. Mpiga picha akienda kunywa chai, nabadilisha. Mimi niliwahi kubadilisha gurudumu la baiskeli huku naendesha. Pini zitanishindaje?

Nikamwomba mke wangu asimame mahali pa mpiga picha, atoe maoni. Akasimama na mwiko mkononi. Akasema lile jeupe liko sawa. Lile pinki limeinama kama mtoto aliyekemewa. Na lile jekundu lina pini tatu zinazometa, labda niseme ni Malkia aliyetoka saluni.

Halafu akaniambia, kwa upole, kwamba ningeweza tu kumwambia kaka yake ukweli. Nikamjibu kuwa ukweli upo, bado haujachanua tu.



Alhamisi, tarehe 11 Juni

Siku hii niiandike polepole.

Saa moja asubuhi nilipanda juu ya ndoo ili nichungulie kwa Mkunga. Si upelelezi. Nilitaka kujua ana maua gani ya kunipokonyea safu. Kati ya yadi zetu pana uzio wa mabati makuukuu, na nyuma ya nyumba yake sijawahi kutazama. Miaka minane ya ujirani nilijua pale pana kuku na kamba ya nguo.

Pana kichaka. Kimepita urefu wangu kwa mkono mzima. Majani mapana kama viganja, yana manyoya laini. Na maua! Kila moja limejaa sahani ya chai, jeupe, jeupe kweli, kama shuka la hospitali kabla ya mgonjwa. Nikashuka kwenye ndoo nikiwa na wivu wa kawaida tu.

Saa sita nikapanda tena. Maua ni pinki.

Damu ilinipanda. Nikajua mara moja: mwanamke huyu ananiiba. Amesikia habari ya bitiruti kupitia mabati, na sasa anapaka maua rangi ili anishinde kwa mbinu yangu mwenyewe. Mtu mzima, mstaafu, aliyeaminiwa na serikali!

Nikazunguka mpaka mlangoni kwake. Nikasema nimekuja kuazima reki. Alipoingia kuitafuta, nikalilamba dole langu, nikasugua ua ili rangi itoke. Dole likatoka safi. Nikasugua la pili. Safi. Nikageuka, yeye yuko nyuma yangu na reki. Akaniuliza kama nimemaliza kulipangusa ua lake kamasi au aniletee leso.

Nikauliza tu: hiki ni nini?

Akasema ndicho hicho nilichokiandika.

Nikadhani ananikejeli. Akaleta viti viwili na chai, akaniambia nikae nitazame. Nikakaa kutoka saa saba hadi magharibi. Mimi ambaye mke wangu anasema sijawahi kumaliza hata hotuba ya arusi nikiwa kwenye kiti.

Sasa nielezeje? Hulioni likibadilika. Unalikazia macho, limetulia. Unapepesa, unampisha kuku, unanywa funda la chai, ukirudi limeongezeka. Ni kama mshale wa saa. Pinki ilianzia kwenye mishipa ya ua, ikatambaa hadi kwenye pindo, ikakolea. Saa kumi lilikuwa kama shavu la mtu aliyesifiwa mbele za watu. Saa kumi na mbili lilikuwa jekundu zito, limeanza kujikunja, na pembeni yake yapo ya jana, yamefumbwa kama ngumi za mtoto mchanga. Ua moja, siku moja, basi. Kesho yake halifunguki tena. Kichaka chote kinafanya kazi hiyo bila kumwambia mtu.

Mkunga akasema ni ukoo mmoja na bamia. Bamia! Nimekula bamia miaka hamsini sikujua zina ndugu wa namna hii.

Nikamuuliza analiitaje. Akasema "Shangazi". Asubuhi kanyamaza, adhuhuri kachangamka, jioni kawaka.

Nimerudi nyumbani nimesahau reki. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nimeona mengi. Niliwahi kuona boga ambalo kuku aliatamia ndani na vifaranga wakatokea dirishani. Hili la leo ni zuri kuliko boga. Na ni kweli.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Nimelala na furaha, nimeamka na tatizo. Picha zinapigwa bustanini *kwangu*. Shangazi yuko kwa Mkunga. Kichaka haking'oki, mizizi yake imekaa kama wapangaji wa zamani.

Nikafikiri. Kama mmea hauwezi kuja kwangu, bustani yangu iende kwa mmea. Kinachotutenga ni mabati tu.

Saa mbili nikamwendea Mkunga nikamwambia, kama jirani mwema, nimeamua kutengeneza ule uzio. Lazima kwanza niung'oe wote. Akasema ameniomba jambo hilo miaka minane, mara ya mwisho kwa maandishi. Akaniletea nyundo mwenyewe.

Nimeng'oa mabati kumi na manne na nguzo tisa. Mgongo umenikatika. Niliwahi kubeba ndama begani toka mtoni hadi nyumbani, tena mama yake akinifukuza, lakini ndama hana misumari.

Kufikia saa tisa yadi mbili zimekuwa moja. Nikachomeka kibao changu, BUSTANI YA MWANDISHI, mita moja tu kutoka kwa Shangazi. Mambo yakapendeza. Nilipokwenda kunywa maji, kuku wa Mkunga walivuka mpaka wakala mchicha wangu hadi kwenye shina. Niliporudi, kibao kilikuwa na soksi mbili zimeanikwa. Za Mkunga.

Sikuziondoa. Kesho ni siku kubwa, sitaki vita.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Nilivaa koti.

Mpiga picha alifika saa moja kamili. Kijana mrefu, ana haraka, saa nane anatakiwa kwenye mahafali. Mkunga alikuwa ameshachagua ua, akalifunga uzi wa bluu kwenye kikonyo. Alisema ndivyo walivyowafunga watoto wodini wasichanganywe, na yule bwana shamba asije akasema tumebadilisha. Nilipiga moyo konde nisizikumbuke zile pini.

Picha ya kwanza: jeupe, zuri ajabu, mimi pembeni nimekunja mikono.

Halafu mawingu yakaja. Baridi nayo ikaja. Saa tano: jeupe. Saa sita: jeupe. Saa saba: jeupe kama ukuta. Mpiga picha akaanza kufunga begi. Nikaona safu yangu ikipanda ukuta na kuondoka.

Nikakimbilia jikoni, nikarudi na jiko la mkaa linawaka. Kama ni joto analotaka, atalipata. Mkunga akasimama kati yangu na kichaka, mikono kiunoni. Akasema nikisogeza moto ule hatua moja zaidi, atanipika juu yake.

Akasema siku za baridi Shangazi huchelewa. Hachelewi kwa kiburi, ni mwili wake. Akasema kazi yake ya miaka thelathini na nne ilikuwa kungoja. Wanaume walipiga hatua kwenye korido, walilia, mmoja alizimia juu ya mdogo wake, yeye alingoja. Amengoja watu zaidi ya elfu tatu, ua moja halitamshinda.

Mpiga picha akasema yeye lakini hawezi kungoja. Mkunga akamwambia: kaa chini, wewe hasa usiniambie habari ya kuchelewa. Mama yako alikungoja siku nzima na nusu, na mimi nikiwa nimesimama, na ulipotoka ulitutazama kama sisi ndio tuliokuchelewesha.

Akakaa. Akapiga simu kwenye mahafali akasema amepatwa na jambo la kifamilia.

Saa tisa jua likapasua wingu. Nikainama. Kwenye mshipa mmoja, chini kabisa karibu na uzi wa bluu, palikuwa na pinki ndogo kama jino la kwanza. Mke wangu alikuja akasimama karibu yangu. Tukatazama sote wanne kama tuko ibadani, na pinki ikapanda.

Shemeji alifika saa kumi na moja na nusu kuhakikisha. Picha ya mwisho ilipigwa jua likiwa chini kabisa: jekundu, lote, hadi kwenye pindo. Shemeji akavua miwani. Akasema katika miaka kumi ya gazeti hajaona kitu kama hiki. Halafu akatazama mahali uzio ulipokuwa. Akatazama kibao. Akatazama soksi. Akauliza mmea ni wa nani.

Nikaanza kueleza kuhusu mizizi, jinsi isivyojua mipaka. Mkunga akanikata.

"Mmea ni wangu, uongo ni wake," akasema. "Vimekutana tu."

Shemeji alicheka mpaka akashikilia banda la kuku. Mimi niliona giza. Alipomaliza, akamwambia Mkunga basi safu aichukue, amestahili.

Mkunga akakataa.

Akasema yeye anajua kusahihisha, kuzua hajui. Akianza safu leo, kesho itakuwa imeisha, maana ukweli wote anaoujua kuhusu mimea unajaa karatasi mbili. Na huyu jirani asipoandika, yeye atamsahihisha nani? Kila mwisho wa mwezi huamka mapema kungoja gazeti. Alisema hivyo akiokota manyoya ya kuku, hakumtazama mtu.

Wakapatana pale pale: safu inabaki yangu, chini yake kitakuwepo kisanduku, "Mkunga Anasahihisha".

Tulipokuwa tunaachana akaniuliza kwa nini nilihangaika wiki nzima. Barua yake si ilieleza kila kitu? Au sikuisoma?

Nikamwambia niliisoma, tena mara mbili.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Nimeifungua. Naiandika hapa kama ilivyo:

"Ndugu Mhariri. Kuhusu Malkia Kinyonga. Msimsikilize bwana shamba. Ua hilo lipo, ninalo nyuma ya nyumba. Kijiti nilipewa na mama mmoja niliyemzalisha mapacha. Njooni mlione. Safari hii jirani yangu anasema kweli, japo hajui."

Ilikuwa kwenye droo tangu Jumatatu. Chini ya mbegu.

Nimeisoma mara ya pili, na ya tatu nikiwa nimesimama. Mwanamke huyu ana moyo. Amenisahihisha mara thelathini na moja, na siku watu waliponiita mwongo, yeye ndiye aliyenyanyua kalamu.

Nikachukua mkasi. Nimekata kwa uangalifu sana maneno haya: "jirani yangu anasema kweli". Yale mawili ya mwisho sikuona umuhimu wake. Nimeyaweka chini ya kioo cha meza, kwenye ile nafasi ya pembeni.

Mke wangu amekisoma kikaratasi. Akauliza vipi hakuna nukta mwishoni. Nikamwambia Mkunga amezeeka, husahau.

Jumatatu, tarehe 29 Juni

Gazeti limetoka. Ukurasa wa mbele, picha tatu. Jeupe, pinki, jekundu, na uzi wa bluu unaonekana kote. Shangazi, Mmea wa Mwaka. Mimi nimeonekana kwenye moja, kiwiko tu, lakini koti linatambulika. Muuza maziwa amelitambua. Nimemweleza jinsi nilivyoufundisha mmea ule rangi moja baada ya nyingine, pinki ikiwa ngumu kuliko zote.

Mkunga amenipa vijiti vitatu vya kupanda. Nimevichomeka ndani ya makopo na kila asubuhi naenda kuvitazama. Kimoja kimetoa jani la ukubwa wa ukucha, lina manyoya tayari. Nililipigia saluti.

Mabati bado yamelala. Nimemwahidi wiki ijayo.

Safu yangu ya mwezi huu nayo imo ndani, ukurasa wa saba. Ni kuhusu mmumunye wangu ambao kibuyu chake hupiga mluzi saa moja kabla ya mvua. Nimeandika kwa ufasaha mno, mke wangu alilazimika kutoka nje. Shemeji amepiga simu asubuhi hii. Amependa. Anauliza kama Jumamosi anaweza kuja kuusikiliza.

Punde si punde Mkunga akavuka pale uzio ulipokuwa, akanipa barua mkononi. Akasema safari hii niisome leo leo, nisingoje. Nikamshukuru sana.

Nimeiweka kwenye droo, chini ya mbegu. Najua yaliyomo.

Sasa nakwenda sokoni. Natafuta filimbi ndogo, iwe inaingia kwenye mdomo wa kibuyu.